Dirisha la Bibi

Waziri alipoanzisha kodi ya madirisha bila kuipeleka bungeni, baba yangu, bahili wa kutupwa, aliliziba dirisha la mama yake kwa matofali.

"Kipofu dirisha la nini?" alisema, akacheka peke yake. Na kila asubuhi bibi alikuwa akikaa pale jua limpige usoni!

Mahakama ikaifuta kodi: katiba haimruhusu waziri kutoza watu apendavyo. Bibi alisikia redioni, akapapasa kuta mpaka sebuleni.

"Zibua basi, mwanangu, nipate jua."

"Nimeshapaka rangi, mama."

"Waziri amepata wa kumkataza. Wewe atakukataza nani?"

Baba alikwenda chumbani kwa bibi, akaichukua ile redio, akaifungia kabatini kwake.