Fuvu Lenye Meno Meupe

Mwaka Manyara ilipofanywa mkoa, nilianza kuchimba msingi wa nyumba ya bati ili nimwoe Hilda. Siku ya kwanza tu jembe likagonga fuvu la mtu. Kufika jioni kijiji chetu kizima cha Hirbadaw kilikuwa kimeshaamua kwamba ni Hhando, kaka yake mzee Qamara, aliyepotea zamani baada ya kugombana na babu yangu kuhusu mpaka wa shamba. Mzee Qamara ndiye baba yake Hilda. Akatuma mtu aniambie kwamba binti yake haolewi kwenye ukoo wa wauaji.

Niliwaka. Nilitaka kumfuata kwake tubishane, mama akanishika shati.

Kesho yake polisi walimleta Daktari Kissa, mwenyeji wa Mbeya, aliyekuwa Mbulu akitafiti mifupa na meno. Alilipangusa fuvu kwa brashi, kisha akauliza Hhando alikulia wapi. Wazee wakamjibu kwamba alizaliwa hapo hapo na kunywa maji ya kisima chetu tangu utoto.

Daktari akamgeukia mzee Qamara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba ucheke kidogo."

"Nicheke nini? Mimi nimekuja msibani."

"Basi fungua mdomo tu."

Akafungua shingo upande. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama yangu, kama ya kila aliyekulia pale. Daktari akaeleza kwamba maji yetu yana madini yanayoyatia meno rangi hiyo yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi za mtoto, na rangi haitoki hata mtu akizikwa. Akaliinua fuvu. Meno yake hayakuwa na doa. Tulikuwa tumeyatazama tangu jana, tukadhani udongo umeyasafisha.

"Huyu alikulia kwingine," alisema. "Si Hhando."

Mzee Qamara aliuliza kama basi kaka yake yu hai. Daktari akasema hilo fuvu haliwezi kumwambia, ila hapa hayupo. Mzee akajifuta uso kwa kofia, halafu akacheka mwenyewe bila kuombwa, meno yote nje. Akanitazama.

"Na wewe, nani kakuambia uache kuchimba? Binti yangu atalala wapi?"

Nilikuwa na maneno makali niliyoyapanga usiku kucha. Nikayaacha hapo hapo. Nikaokota jembe, nikaanza upande wa pili wa kiwanja, polepole.