Mama Vipimo na Vichupa vya Plastiki

Jumatatu asubuhi Mama Vipimo aliitoa karatasi kwenye mashine, akaisoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa na kuisoma upya. Tarakimu zilikuwa zilezile. Watoto thelathini na wawili walikuwa wamekunywa matone ya dawa asubuhi na jioni kwa wiki sita, damu yao imechukuliwa na kupimwa, na sasa mashine inasema dawa yenyewe haimo, au kama imo basi ni chembe tu za kutaniana.

Dawa hiyo ilitokana na bangi. Najua wapo watakaolisikia neno hilo na kuanza kucheka pembeni, kwa hiyo tuliweke sawa mapema. Mmea ule una viini vingi ndani yake, na tabia zao ni mbalimbali kama za watoto wa tumbo moja. Kimoja ndicho kinacholevya, kinachojulikana mpaka na polisi. Kingine hakimlevyi mtu. Kinatuliza ubongo uliochachamaa, na hicho ndicho maabara ilikuwa inakijaribu kwa watoto ambao kifafa chao kilikuwa kimezishinda dawa nyingine zote. Kibali kilikuwepo, kabati la kufuli mbili lilikuwepo, na daftari la kila tone lilikuwepo. Hayo yote hayakumzuia wifi wa Mama Vipimo nyumbani kumwita "mama bangi" kwa miaka miwili mfululizo bila kuchoka.

Jina la Mama Vipimo alipewa kazini, na alilistahili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipima damu, mkojo na mate ya watu, na nyumbani alipima hata majani ya chai. Hakuwahi kutoa jibu likarudishwa.

Aliipeleka karatasi kwa Daktari aliyeongoza utafiti, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, mwenye akili nyingi na usingizi mdogo. Daktari alisoma amesimama, kisha akakaa.

"Basi haiingii kwenye damu," alisema. "Kamati ya maadili inakaa Ijumaa saa tatu. Wakiiona hii watatufungia, Mama, na siwezi kuwalaumu. Utamnyweshaje mtoto kitu kisichofika?"

"Na nambari kumi na tisa?"

Nambari kumi na tisa alikuwa binti wa miaka saba. Kabla ya dawa alikuwa akianguka mara nane, mara tisa kwa siku, na mama yake aliandika kila anguko kwenye daftari la shule. Sasa kulikuwa na siku kumi ambazo kurasa zake zilikuwa tupu.

"Mtoto mmoja hawezi kuwashinda thelathini na mmoja," Daktari alisema kwa upole. "Na mzazi huona anachotaka kukiona. Unalijua hilo kunizidi."

Alilijua, na ndiyo maana lilimuuma.

Siku iliyofuata alikutana na mama wa nambari kumi na tisa kwenye korido, amebeba kikapu, daftari likichungulia.

"Dada, nasikia mnafunga."

"Nani kakwambia?"

"Korido hii ina midomo."

"Hakijafungwa kitu."

"Mimi hesabu zenu sizijui," yule mama alisema. "Ninachojua ni kwamba siku hizi nikipika natazama sufuria. Zamani nilikuwa napika huku nikimtazama yeye. Nimeunguza vyakula miaka minne. Leo ni siku ya kumi na moja, na jana nimekosea chumvi tu."

Mama Vipimo alirudi maabara, akafunga mlango, akajifunga kibwebwe. Alijiambia kwamba ama dawa haifai, na hapo atanyamaza, ama kuna mahali inapotea, na mahali hapo atapajua kabla ya Ijumaa hata kama itabidi aifungue mashine skrubu kwa skrubu. Alianza na mashine. Aliipa vipimio, yaani kiasi cha dawa kinachojulikana, kilichohifadhiwa ndani ya spiriti kwenye chupa ndogo za kioo. Mashine ilijibu sawasawa. Alibadilisha sindano yake, akabadilisha spiriti, akaipa mashine vipimio tena. Sawasawa. Mpaka Jumatano mchana alikuwa amewasafisha washukiwa wote, na dawa ilikuwa bado haijulikani ilipo.

Jioni hiyo aliingia nyumbani amechoka mpaka kope. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kukaa nao wiki mbili na huu ukawa mwaka wa tatu, alikuwa jikoni akipigana na vyombo.

"Wifi, hili kopo lako la chakula litanitoa roho. Tazama. Nimelisugua mpaka vidole vimeota makunyanzi, mafuta yamo tu, na wekundu wa mchuzi umo tu. Bakuli la kioo lilikuwa na mchuzi uleule, nimelipitisha mara moja limetakata. Hivi kwenye bangi yenu huko hamna dawa ya makopo ya plastiki?"

Mama Vipimo alilipokea kopo. Alipitisha kidole ndani. Utelezi ulikuwepo. Alichukua bakuli la kioo, akapitisha kidole, likalia kwa usafi.

"Wifi? Mbona umeduwaa? Leo umeonja nini?"

Alivuta kigoda akakaa, kopo mapajani.

Kile kiini ni ndugu wa mafuta, na maji hakiyataki hata kidogo. Ndani ya damu hakina shida, kwa sababu damu ina protini zinazokibeba. Lakini damu ikishachujwa na kuzimuliwa kwa maji ili mashine iweze kuimeza, kiini kinabaki mpweke, kinatafuta pa kujishikiza. Na kule kwenye sinia la mashine sampuli husubiri zamu yake kwa saa nyingi. Zilisubiri ndani ya vichupa vya plastiki. Dawa ilikuwa imejibandika ukutani kama mchuzi kwenye kopo, mashine ikanyonya maji yaliyobaki katikati na kusema ukweli mtupu, kwamba humu hamna kitu.

Na vichupa vya plastiki vilikuwa kazi ya nani? Vilikuwa kazi yake.

Mwezi mmoja kabla ya hapo maabara ilikuwa ikitumia vichupa vya kioo, vinavyooshwa na mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Babu Sabuni. Siku moja kichupa kilipasuka mkononi mwake kikamkata kidole gumba mpaka kwenye mshipa. Mama Vipimo ndiye aliyemfunga, na damu ile hakuisahau. Wiki hiyohiyo akaagiza vya plastiki kwa mkono wake, vya kutumia mara moja. Uongozi ulimpongeza kwa kujali usalama, ukampa cheti chenye fremu, nacho kikatundikwa juu ya meza yake.

Aliona aibu, na ilikuwa aibu nzito. Kwa muda mfupi, hapo kwenye kigoda, wazo la kunyamaza lilimpitia. Utafiti ungefungwa kwa sababu dawa haifiki, na nani angeuliza habari za vichupa? Kisha akaikumbuka ile sufuria isiyoungua tena, akalionea wazo lake kinyaa.

"Wifi," alisema, "kopo hili nalichukua."

"Lichukue. Ukilirudisha chafu usinikute."

Alhamisi alifika kabla mlinzi hajafungua geti. Daktari alipoingia alimkuta amekaa, kopo la chakula mezani, lile la plastiki lenye wekundu wake.

"Kosa ni langu," alimwambia kabla hajasalimiwa, na akamweleza yote, kuanzia kidole cha Babu Sabuni mpaka mchuzi.

Daktari alisikiliza akitoa macho. Furaha na hofu vilipishana usoni mwake. "Damu ipo iliyobaki?"

"Ni watoto, tulichukua kidogo. Yote tuliitumia."

"Basi hatuna ushahidi."

"Tunao. Vichupa vyenyewe vipo."

Hapa ndipo sheria yake iliyomchosha kila mtu ilipomlipa. Katika maabara ile hakikutupwa kitu mpaka ripoti isainiwe. Vijana walilalamika kwamba wanafanya kazi kwenye jalala. Sasa vichupa vyote thelathini na viwili vilikuwa ndani ya sanduku, kila kimoja na nambari yake.

"Sitavigusa mimi," alisema. "Aliyekosea hajisahihishi mwenyewe. Wewe fanya, mimi nitakaa pale nikuelekeze kwa mdomo."

Walianza na jaribio dogo. Daktari aligawa kiasi kimoja cha dawa kwenye maji, nusu ndani ya kioo, nusu ndani ya plastiki, wakangoja muda wa saa nne. Kioo kilitunza sehemu kubwa ya dawa. Plastiki ilikuwa imeila zaidi ya nusu. Ndipo wakaja kwenye vichupa vya watoto. Daktari alimwaga maji yaliyobaki, akasuuza kuta za kila kichupa kwa spiriti, akaipa mashine spiriti hiyo. Nambari moja ilipanda. Nambari mbili ikapanda. Ilipofika kumi na tisa, mstari ulipaa kwenye kioo cha kompyuta mpaka Daktari akaangua kicheko, na Mama Vipimo akajikuta analia bila kujificha. Hata mtoto mmoja hakukosa. Dawa ilikuwa imefika kwenye damu zao wote. Iliyopotea ilipotelea mikononi mwa maabara.

"Lakini hizi si tarakimu za kuandika kwenye ripoti," alisema akijifuta. "Zinaonyesha ipo. Hazisemi ni kiasi gani. Watoto itabidi wachukuliwe damu tena."

Daktari aliketi kuandika barua ya kamati. Aliandika, akamsomea: "Vifaa vilibadilishwa katikati ya utafiti..."

"Vilijibadilisha vyenyewe?"

"Mama, miaka ishirini na sita. Sitaki wakuchafulie jina kwa ajili ya vichupa."

"Andika nilivibadilisha mimi. Wakiona tunaficha mlango mmoja, watadhani nyumba nzima ni ya wizi."

Daktari aliandika.

Ijumaa saa tatu kamati ilikaa, watu watano na jagi la maji. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mkavu aliyesoma kila ukurasa kwa kidole. Alisoma majibu ya spiriti, akayarudia, kisha akainua uso.

"Nani aliamua kubadilisha vichupa?"

"Mimi."

"Ulivijaribu kwanza kuona kama vinaifaa dawa hii?"

"Hapana."

"Uko kazini mwaka wa ngapi?"

"Wa ishirini na sita."

"Na hukujaribu."

"Sikujaribu. Nilikiangalia kidole cha mwenzangu, dawa nikaisahau. Ningeweza kuviangalia vyote viwili."

Mwenyekiti aliandika kitu. Walitolewa nje, wakakaa kwenye benchi robo saa, Daktari akitafuna kifuniko cha kalamu. Walipoitwa ndani waliambiwa kwamba utafiti utaendelea, watoto watachukuliwa damu upya, na kila sampuli itasubiri ndani ya kioo. Aliyevibadilisha vichupa hataruhusiwa kupima sampuli yoyote ya utafiti huu mpaka utakapokwisha. Atapima mtu mwingine.

Hilo lilimchoma. Alitarajia kukaripiwa, hakutarajia kunyang'anywa kazi ya mikono yake.

"Nimeelewa. Naomba jambo moja. Vioo vitarudi kwenye sinki, na Babu ana kidole kibovu. Mniruhusu nioshe naye."

Mwenyekiti alisema hakuna kanuni inayokataza.

Jumatatu alikishusha cheti ukutani, akakiweka kwenye droo, akavaa glavu nene zinazofika kwenye viwiko. Alimletea Babu Sabuni jozi kama hizo. Mzee alizigeuzageuza.

"Hizi tungekuwa nazo tangu mwanzo, hata plastiki zisingekuja."

"Ndiyo, Babu. Hilo nalo sikulifikiria."

"Basi sugua. Usinisugulie kama mtu wa ofisini."

Walikuwa wamefika trei ya pili mama wa nambari kumi na tisa alipopita kumpeleka binti yake kuchukuliwa damu. Alisimama mlangoni, akalitazama povu, akazitazama glavu.

"Dada, wamekushusha?"

"Wamenisogeza. Na mwenzetu huyu?"

Binti alijibu mwenyewe. "Siku ya kumi na saba."

Mama Vipimo alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akaona doa dogo karibu na shingo, akakirudisha kwenye maji ya moto.