Unyayo Kwenye Kigae

Haya nilisimuliwa na mama mdogo, mwaka ule tulipoezeka upya jiko letu, naye akanikataza katakata kupandisha kigae chochote juu kabla sijakitazama pande zote mbili. Nawapa kama nilivyopewa.

Palikuwa na mjane, mfinyanzi wa vigae vya kuezekea, mwenye mabinti wawili. Mkubwa alizama kwenye shimo la udongo, mvua za mwaka juzi. Tangu hapo mama hakuligusa shimo lile. Alichimba kwingine, vigae vikatoka vimepauka kama biskuti, wateja wakaanza kumkimbia. Msimu huu akapiga moyo konde, akarudi shimo la zamani. Vigae vikatoka motoni vyekundu, wekundu wa kidonda kinachopona.

Asubuhi ya kufungua tanuri, akivipangua, akakuta kimoja kina unyayo. Mguu wa mtoto, vidole vyote vitano, kisigino kimezama. Mtu alikikanyaga kikiwa kibichi, kimeanikwa bandani.

Banda na shimo ni pua na mdomo. Mama alikuwa amemwapia binti mdogo, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, kwamba akimkuta huko anahamia kwa shangazi yake. Hakuwa na mtoto mwingine wa kupoteza.

"Njoo hapa. Weka mguu."

Kijiti akaweka. Ukaenea sawasawa, kama haragwe kwenye ganda lake.

"Si mimi, mama."

"Wa nani basi? Wa kuku?"

"Mimi sijakanyaga."

Mjomba mtu, aliyekuja kupakia vigae, akachungulia. "Dada, hapa hata wakili angeomba maji. Mpwa wangu, kafungashe. Kwa shangazi yako kuna kitanda, hapa unalala mkekani kama paka."

Hakucheka mtu. Ikapangwa waondoke alfajiri.

Jioni mama akakaa kufyatua vigae vingine, mikono imwondolee mawazo. Akakisogeza kile chenye unyayo kimpishe, kikamponyoka, kikatumbukia ndani ya kalibu, kile kiunzi cha mbao cha kufyatulia. Kikacheza. Pembeni pakabaki nafasi ya kidole gumba.

Mama akaganda. Kazi ya miaka yote, na hasira zimemsahaulisha. Udongo ukikauka hunywea, ukichomwa hunywea tena. Kigae huingia motoni kikubwa, hutoka kidogo, na alama zake hunywea pamoja nacho. Mguu unaoenea leo sio mguu uliokanyaga. Aliyekanyaga alimzidi Kijiti.

Akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kandambili za marehemu. Zilikuwa zimechimbika alama za vidole na kisigino chake. Akazishika juu ya unyayo. Alama hizo zikauzidi vile vile kalibu ilivyokizidi kigae.

Kijiti alikuwa amekalia mfuko wake wa nguo, macho makavu.

"Nisamehe, mwanangu. Sio wewe."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Kumbe ulijua ni nani?"

"Anakuja ukienda kuchota maji. Hasemi kitu. Anasimama mlangoni tu, kama anangoja aambiwe karibu." Mtoto akafikiri kidogo. "Sasa na yeye utampeleka kwa shangazi?"

Mama akamwinua, akauvuta mfuko. Akazitoa nguo mfukoni moja moja, akazirudisha kwenye kamba. Akampelekea mjomba neno kwamba safari haipo. Kisha akakibeba kigae, akakilaza sakafuni mlangoni, vidole vikielekea ndani. Kilikuwa bado na joto, wakati wenzake walishapoa tangu mchana.

Akatandika mkeka, akalala katikati, sio ukingoni kama kawaida yake. Kijiti akamlalia mkono wa kulia, mara akapitiwa.

Mama akatega sikio. Kulia, pumzi za mtoto aliyelala. Baadaye, kushoto, pumzi nyingine, na harufu ya udongo uliolowa. Hakugeuka kutazama. Akaunyoosha mkono wa kushoto mkekani, na kitu cha baridi, chepesi kama kichwa cha mtoto, kikatulia juu yake. Akafumba macho, usingizi ukamchukua.