Perege Waliokula Wakakonda

Perege wa Mwanaima walikuwa wanakula vizuri, ndiyo maana hakuelewa kwa nini wanakonda. Akitupa pumba tu, bwawa zima linachemka kwa midomo. Lakini akimtoa mmoja, ni kichwa kikubwa na mgongo mkali kama kisu.

Bwawa hilo, pale Ilagala, alilichimba na mumewe Ismaili baada ya serikali kuanza kufunga ziwa kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaliane. Halafu perege wachache wakatokwa na vidonda. Ismaili akanunua antibayotiki, zile zile wanazomeza watu, akazisaga na kuzichanganya na pumba. Vidonda vikakauka, naye akafurahi siku kadhaa.

Sasa afisa uvuvi, Elinipa, binti wa Kipare aliyehamishiwa Kigoma, alichuchumaa ukingoni akampasua samaki mmoja. Utumbo ulikuwa umejaa pumba, nzima nzima, kama zilivyoingia.

"Mama, humu tumboni wanaishi bakteria wanaomsaidia samaki kusaga chakula. Nahisi dawa iliwaua wabaya, ikawamaliza na hawa."

"Hawa wazuri wanauzwa wapi, mwanangu?"

"Huku sijawaona. Tujaribu kuleta maji na tope la bwawa lenye samaki wazima, labda watarudi. Siwezi kukuahidi."

Ismaili akaenda hadi Mwandiga kwa Gervasi, mfugaji mwenzao, akarudi na madumu kwenye pikipiki. Wakamwaga. Mwanaima akawa anaamkia bwawani kabla hata ya kuswali. Kila asubuhi alikuta wengine wanaelea, tumbo juu.

"Niwape nini tena?" alimuuliza Elinipa aliporudi.

"Sina kingine, mama. Itabidi tuyatoe maji, bwawa likauke, kama ni ugonjwa uishe."

"Na waliobaki?"

"Tutawafukia, mama."

Ziwa lilikuwa limeshafunguliwa, na Ismaili alikuwa ameondoka na wavuvi wenzake. Hakupita bwawani kuaga. Mwanaima alikata ukingo peke yake, maji yakatoka, perege wakabaki wanarukaruka kwenye tope. Jirani mmoja alikuja na beseni kuomba wa mboga, akamkatalia. Hakujua wana nini.

Alichimba shimo kando ya mihogo. Elinipa alifika, akavua viatu, akachukua sepetu ya pili, wakawafukia perege, baadhi wakiwa bado wanatikisa mikia.