Alhamisi za Haifa

Kwa miaka kumi na mmoja Kavinya na Fadumo walifanya kazi kwenye meza moja ndani ya soko la Kariokor, Nairobi. Fadumo alikata ngozi na kuitoboa, Kavinya akashona shanga juu yake. Bangili ikitoka pale, hakuna aliyeweza kusema mkono wa huyu uliishia wapi na wa yule ulianzia wapi. Walijuana. Kavinya alijua kwamba Fadumo akiwa na hasira hunywa chai bila maziwa, naye Fadumo alijua wimbo ambao Kavinya huuimba chinichini kila akikosea shanga.

Kilichowatenganisha ni vita vya Gaza. Vilikuwa vimeingia mwaka wa pili kanisa la Kavinya kule Lucky Summer lilipoagiza bangili za bendera ya Israeli kwa ajili ya wiki ya maombi. Fadumo alitazama shanga za buluu na nyeupe, akakiweka kisu chini.

"Mama Ndanu, hii sikati."

"Kwa nini? Si ni kazi kama kazi nyingine?"

"Jana nimeona mtoto akitolewa chini ya kifusi, mkubwa kama Zamzam wangu. Mkono unakataa."

"Na wale waliouawa na kutekwa nyara majumbani mwao siku ile ya kwanza, hukuwaona?"

"Niliwaona. Nililia hapa hapa, na wewe ukiniangalia."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma Kavinya. Ulimi hauna mfupa, akajisikia anasema, "Basi tafuta meza yako."

Fadumo alikunja ngozi zake, akahamia kibanda cha tatu kutoka pale. Karibu mwezi mzima wakawa wanapitana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Kisha, mwezi wa Juni, makombora ya Irani yakaanza kuangukia mji wa Haifa nchini Israeli. Na Haifa ndiko alikokuwa Ndanu, binti pekee wa Kavinya, akimtunza bibi mmoja Myahudi aliyeitwa Tsipora. Simu yake ikawa haiingii. Siku ya pili ya kimya hicho Kavinya alikuja sokoni kwa kuwa kuta za nyumbani zilimshinda, akakaa na sindano mkononi bila kushona chochote.

Fadumo alimwona kutoka kibandani kwake. Akaja na chupa ya chai.

"Umempata mtoto?"

"Simu imezimwa tangu jana asubuhi."

Fadumo akavuta kigoda, akakaa mahali pake pa zamani. Wakapokezana kupiga ile namba. Katikati ya kungoja, Fadumo aliinamisha kichwa akaomba dua yake kwa sauti ya chini. Kavinya hakuelewa Kiarabu, lakini alisikia jina la Ndanu likipita mle ndani, na hapo machozi yakamshinda.

"Nisamehe kwa yale ya meza."

"Meza ni mbao tu, Mama Ndanu. Piga tena."

Alasiri simu ikalia yenyewe. Kavinya akafungua spika ili wasikie wote wawili.

"Mami, niko salama! Umeme ulipotea, simu ikaisha chaji. Tuliteremka chini kwenye chumba cha kujikingia, mimi na Ibtisam tumembeba bibi. Yeye alishika miguu, mimi mabega. Ngazi za orofa nne!"

"Ibtisam ni nani?" Fadumo akauliza.

"Mama mdogo, uko hapo? Asante Mungu! Ibtisam ni Mpalestina, mfamasia wa huku huku Haifa. Mjukuu wa bibi aliuawa siku ile vita vilipoanza. Dada yake Ibtisam naye aliolewa Gaza, nyumba ikabomolewa kwa bomu akiwa ndani. Yeye na bibi walijuana kwenye kikundi cha waliofiwa wa pande zote mbili. Kila Alhamisi Ibtisam huja, wanakaa."

"Wanasameheana?" Fadumo akauliza tena.

Ndanu akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wanagombana! Bibi anataka ziwe nchi mbili, kila mmoja awe na mlango wake na ufunguo wake. Ibtisam anamuuliza, mlango gani, na walowezi wa Kiyahudi wamejenga kwenye kila kilima? Yeye anataka nchi moja, kura ya Myahudi na ya Mpalestina ziwe na uzito sawa, na Wapalestina waliofukuzwa warudi. Bibi anasema hapo ataogopa, maana watu wake walishakuwa wachache katika nchi za wengine na mwisho wake tunaujua. Ibtisam anamwambia, na mimi naogopa sasa hivi."

"Halafu?"

"Halafu naleta kahawa."

"Kwa hivyo hawajakubaliana lolote?" Kavinya akauliza.

"Kidogo. Kuua kukome kwanza, na waliokamatwa wa pande zote warudi kwa mama zao. Na kwamba hakuna atakayehama. Hilo la kuhama Ibtisam ndiye aliyelisema. Bibi naye akasema, ni kweli, hakuna atakayehama."

Simu ilipokatika wale wanawake wakatazamana.

"Mimi niko na Ibtisam," Fadumo akasema.

"Na mimi niko na bibi. Mtu lazima awe na mlango wake."

"Mlango bila ukuta utaufunga kwenye nini?"

Wakabishana mpaka soko likafungwa, na asubuhi yake Fadumo akarudisha ngozi zake mezani. Kazi ya kanisa hakuikata hata hivyo. Kavinya alinunua ngozi iliyokatwa kwingine, wala hawakulizungumzia tena.

Jumapili, kwenye maombi ya akina mama, Kavinya aliinuka akasimulia habari za ngazi za orofa nne. Akaomba Ibtisam na jamaa zake wa Gaza waombewe pia. Mama Mugo, aliyeongoza maombi, akakunja uso.

"Sisi tunaiombea Israeli, Mama Ndanu. Imeandikwa."

"Na tuendelee kuiombea. Lakini huyu alishika miguu ya Myahudi kombora likija, na dada yake yuko kaburini. Nikifumba macho, nimwambie Mungu amruke?"

Mtu alikohoa. Mama Mugo aliirekebisha leso yake begani, akaifunga na kuifungua tena Biblia iliyokuwa tayari imefunguliwa.

"Huyo dada," akasema mwishowe, "alikuwa anaitwa nani?"

Kavinya hakujua. Alitoka nje, akasimama kando ya tangi la maji, akamwandikia Ndanu. Jibu likachukua dakika chache. Aliporudi akawakuta wote wamesimama, wakimngoja.

"Nahla."

"Nahala," akasema Mama Mugo.

"Nahla."

"Ndivyo nimesema." Akafumba macho, akaanza kuomba.