Somo la Ng'ombe Wasiohesabiwa

Krua, krua. Nilikuwa nasaga wimbi kwenye jiwe, bado giza, mjukuu wangu Egau alipoingia jikoni amekwisha vaa viatu.

Alikuwa mwalimu hapa Sikuda miaka minane. Mwaka ule wa 1954 walimwita chuoni Tororo, asome zaidi namna ya kupanga masomo na kuyafundisha. Siku hiyo mkufunzi wake, Bwana Odoi, alikuwa anakuja kumpima akifundisha darasani kwetu hapa. Akishindwa, cheti hakuna.

"Somo ni hesabu, nyanya. Jana niliwaambia watoto wahesabu ng'ombe wa kwao, waje na jumla."

Mikono yangu ikasimama. "Egau! Nani kwetu anahesabu ng'ombe wake? Si kuwaitia kifo?"

Akashika kichwa. "Chuoni wanasema tuanze na vitu vya nyumbani kwa mtoto. Nikasahau mwiko wa kwetu."

Kulipopambazuka nikaenda kwa Akwi, mwenye watoto watano shuleni. Alikuwa amewazuia wote wasiende, na majirani wakafanya vivyo hivyo.

"Mwambie mwalimu wako ahesabu kwanza meno yake!" akanicheka. Lakini alinipa kigoda, akanipa uji, akangoja nimalize. Ndipo nikamwambia kijana amekosea, na leo anapimwa.

Akwi akafikiri. "Mama, mchungaji hahesabu. Akikosekana yule mwekundu mwenye baka, anajua tu. Ila vibuyu vya maziwa tunahesabu kila siku, wala hakuna aliyekufa." Akawapa watoto vibuyu, akazunguka mwenyewe kuwaita wa majirani.

Nami nikaharakisha kumpelekea Egau maneno yake.

Darasa likajaa. Nilichungulia dirishani. Egau akafunga daftari lake, akawaomba watoto radhi, kisha akauliza, "Mnajuaje ng'ombe mmoja hajarudi?"

"Mwalimu, hata hilo hujui?" akasema binti wa Akwi. Wote wakacheka, hata Odoi aliyekaa nyuma. Wakaeleza rangi na pembe, halafu wakahesabu na kujumlisha vibuyu mpaka kengele.

"Huu si mpango ulioniandikia," akasema Odoi.

"Ndiyo, bwana. Huu nimepewa leo na Mama Akwi."

"Basi andika jina lake humo. Umefaulu."

Jioni tulikwenda kushukuru. Egau alimpigia Akwi goti kama mama yake mzazi.

"Inuka, mwalimu," akasema Akwi. Akanishika mkono, hakuuachia. "Mama, umekuja mara mbili leo, zote kwa ajili ya shule. Njoo tena Jumapili, uje kwa ajili yangu."