Hao "Sisi" Ni Akina Nani?

Mradi wa maji wa kijijini kwao Filister, Uriri, ulipoanza, kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti akafa. Wawili wakachoka mikutano. Nicholas, fundi aliyemfundisha Filister kufungua pampu, akapata kazi ng'ambo. Filister akabaki na ufunguo wa kibanda cha pampu. Kwa miaka sita alipanda kilima kila asubuhi, akawasha mashine, akaketi kusikiliza kama inanguruma sawasawa. Vituo vya kuteka maji vilikuwa mbali kule chini, kwa hiyo siku nyingine saa saba mchana ilimkuta hajazungumza na mtu.

Kazi ya msimamizi wa kituo cha maji ilipotangazwa Homa Bay, aliandika barua, akaitwa. Siku moja kabla ya mahojiano alilala Oyugis kwa binamu yake Liz, mwalimu, naye akamfanyisha mazoezi.

"Niambie ulifanya nini kwenye mradi."

"Tulikuwa tunasaidia kuangalia pampu kidogo."

"Kidogo! Filister dada yangu, miaka sita unaiita kidogo? Sema 'niliendesha'. Sema 'nilitengeneza'."

"Wataniona jasunga." Kwao, hilo ndilo jina la mtu wa majivuno.

"Jasunga ni yule anayejisifia asichofanya. Wewe umefanya."

Kesho yake, mbele ya watu watatu nyuma ya meza, mazoezi yote yalimtoka kichwani.

"Pampu iliungua mwaka juzi," alisema. "Tukaitoa, tukapeleka mota Isebania, tukairudisha."

Mokaya, mhandisi mwenye mvi, aliacha kuandika. "Madam, hao 'sisi' ni akina nani?"

Filister alifungua mdomo awataje, asipate jina. Hata kule kilimani, akiwa peke yake kibandani, alizoea kusema kwa sauti, "Haya, sasa tuzime." Hakuwahi kujiuliza alikuwa akimwambia nani.

"Ni mimi," alisema. Neno lilitoka dogo, akalirudia. "Ni mimi. Nilikuwa peke yangu."

"Pampu ya kisima huning'inia chini ya mabomba mazito. Uliyatoaje yote yale?"

"Nilisimamisha nguzo tatu, nikafunga kapi juu. Nikaazima ng'ombe wawili wa kulimia wavute kamba. Bomba moja likitoka, nawasimamisha, nalibana, nalifungua, tunaanza tena. Yalikuwa kumi na nne. Siku mbili. Isebania nilikaa na fundi akiisuka mota waya mpya mpaka nikajua kilichoiunguza. Siku ya nane maji yalitoka."

"Na ng'ombe aliwaongoza nani?"

"Mimi. Nilikuwa nakimbia huku na huku."

Mmoja wao alicheka kwa mshangao, na Filister akatabasamu. Halafu akaomba maji ya kunywa. Kisa hicho hakuwa amemsimulia mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baada ya wiki mbili alipigiwa simu: amepata kazi. Alimpigia Liz, simu ikaita mpaka ikakatika. Liz alikuwa darasani. Akakaa na habari yake mlangoni pa kibanda, mashine ikinguruma nyuma yake.

Jumapili baada ya ibada aliwaambia wanakijiji kwamba anaondoka, hivyo pampu itabaki bila mwangalizi. Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji hayo tangu mwanzo alimkodolea macho.

"Kumbe ni wewe? Sisi tulidhani kaunti hutuma watu."

Filister akauliza nani yuko tayari kujifunza kazi hiyo. Aliyejitokeza kujifunza ni Valary, mjane wa jirani. Kwa wiki nzima wawili hao walipanda kilima pamoja, na Filister alijikuta akiongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alimwonyesha swichi, alimwonyesha geji ya presha, akamfundisha sauti ya mashine inayolemewa.

Siku ya mwisho Valary alipokea ufunguo, akatazama njia ndefu ya kushuka.

"Huku ni kimya sana, Filister."

"Utazoea," alisema, kisha akajikosoa upesi. "Hapana, usizoee. Kesho njoo na mtu."